Kiyoyozi kilichochoka kila adhuhuri: uchambuzi wa kisa kimoja cha Maskati

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya ghorofa moja iliyoko wilaya ya Seeb, upande wa magharibi wa jiji la Maskati, kwa familia yenye asili ya Unguja ambayo mpaka leo inazungumza Kiswahili nyumbani. Chumba kinachohusika ni cha bibi mwenye umri wa miaka themanini na kitu, kilichoko juu, moja kwa moja chini ya paa la zege, na dirisha lake linatazama magharibi. Kiyoyozi chake ni cha vipande viwili, mashine ya ndani ukutani na mashine ya nje juu ya paa, chenye nguvu ya tani mbili, yaani BTU 24,000 kwa saa. Kompresa yake, yaani pampu inayoisukuma gesi, ni ya mwendo mmoja, na gesi yake, ile inayozunguka mabombani na kuutoa moto chumbani, ni R410A. Kilifanya kazi kwa miaka sita bila kusumbua. Mwezi wa Mei kikaanza kupuliza hewa ya vuguvugu, na mpaka siku nilipoitwa, wiki ya pili ya Juni, mafundi watatu walikuwa wamekwishapanda juu ya paa hilo, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alikuwa ameongeza gesi.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lililofanyika hapa ni la kawaida sana katika kazi yetu, na kwa sababu aliyekuwa akiumia ni mtu mzima ambaye mwili wake hauhimili joto kama wetu. Mtu akishazeeka, jasho hupungua, kiu huchelewa kuja, na moyo hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi ili kuutoa moto mwilini. Kiyoyozi cha chumba cha namna hiyo hakiwezi kuchukuliwa kama kitu cha starehe, hasa Maskati, ambako jangwa linakutana na bahari na joto la Juni linakuja pamoja na unyevu unaozuia jasho kukauka. Mji wa pwani wa Quriyat, ulioko ndani ya mkoa huohuo wa Maskati, uliandika rekodi tarehe 26 Juni 2018 pale kipimajoto kiliposhindwa kushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Anayeishi huku anajua maana yake bila kuambiwa na kituo cha hali ya hewa: maji ya bomba la baridi yanatoka yakiunguza kwa sababu tangi liko juu ya paa, na zege la dari likishanywa jua mchana kutwa, linaendelea kuutema ule moto ndani ya chumba mpaka karibu na alfajiri.

Nilifika baada ya sala ya magharibi. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, leso iliyoloweshwa maji mabegani, mlango ameuacha wazi ili apate ubaridi kidogo kutoka ukumbini. Kiyoyozi kilikuwa kimerudi kufanya kazi kama robo saa hivi iliyopita, lakini kipimajoto changu kilisoma nyuzi 34 katikati ya chumba.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kutia gesi?”

Nikamjibu kwamba nimekuja kwanza kumsikiliza yeye.

“Basi sikiliza. Hii haijafa. Asubuhi inapuliza mpaka najifunika. Adhuhuri nikishasali, nikakaa kidogo na tasbihi yangu, naisikia huko juu inanguruma, kisha kimya. Hapa ndani inabaki kupuliza upepo mtupu. Inarudi karibu na magharibi, mimi nimekwisha kuloa. Kila siku ya Mungu.”

Nikamuuliza kama aliwaeleza hivyo mafundi waliotangulia. “Hawakuniuliza,” akasema. “Walizungumza na mwanangu huko nje.”

Maneno yale machache yalikuwa na taarifa zote nilizozihitaji ili kuanza, na naona ni haki niyaeleze moja baada ya jingine. Kwanza, mashine iliyopungukiwa na gesi haiwezi kupuliza asubuhi mpaka mtu akajifunika kisha ikafa mchana tu. Upungufu wa gesi huonekana saa zote, ingawa mchana huzidi, na mara nyingi huonekana hata kwa macho, kwa barafu inayojikusanya kwenye bomba au kwenye koili ya ndani, yaani mirija iliyokunjwa ambamo gesi hupita. Pili, ngurumo inayofuatiwa na kimya huku mashine ya ndani ikiendelea kupuliza inaonyesha kwamba umeme upo na ni kompresa peke yake iliyosimama. Tatu, kusimama kwa saa nyingi kisha kurudi yenyewe ni tabia ya kikatio cha joto kilichomo ndani ya kompresa, ambacho hufungua njia ya umeme pale injini inapozidi kupata moto, na hakifungi tena mpaka chuma kipoe. Kompresa ni chungu kizito cha chuma chenye mafuta ndani yake, na kikikaa kwenye hewa ya moto huchukua muda mrefu mno kupoa. Kwa hiyo kabla sijagusa chochote nilikuwa na swali moja tu la kujibu, nalo ni nini kinachoipa moto mashine hii baada ya adhuhuri ambacho hakipo asubuhi wala usiku.

Kitu cha kwanza tulichofanya, kabla ya geji za kupimia presha na kabla ya ngazi, ni kumhamishia bibi chumba cha chini chenye kiyoyozi kizima. Hakupenda, kwa sababu chumba chake ndicho chenye msala wake na vitu vyake, lakini mwanawe alimbembeleza akakubali kwa usiku mchache.

Vipimo vya usiku ule

Nilipanda juu na taa ya kichwani. Hewa ya nje ilikuwa nyuzi 37. Volti zilikuwa 236, jambo ambalo ni sawa kwa nchi inayotumia 240. Mashine ilivuta ampea 12.4, wakati bamba lake linataja 11.2. Presha ya kunyonya, upande wa bomba nene, ilisoma psi 128, na presha ya kusukuma ilisoma 475. Bomba nene lenyewe, pale linapoingia kwenye mashine ya nje, lilikuwa na nyuzi 8.

Kwa asiyezoea namba hizi, maana yake ni hii. Kila presha ya gesi ina joto lake la kuchemkia. R410A kwenye psi 128 inachemka kwenye nyuzi 7 hivi. Ikiwa bomba linalorudi kwenye kompresa lina nyuzi 8, basi gesi inafika ikiwa imepata nyuzi moja tu juu ya kuchemka, wakati mimi ningependa kuona tano hadi nane. Nyuzi moja ni dalili kwamba kuna kimiminika kingi kupita kiasi na kwamba baadhi yake kinakaribia kuingia kompresa bila kugeuka mvuke, na kompresa imeumbwa kusukuma mvuke tu. Upande wa pili, psi 475 ni presha ya gesi inayogeuka kimiminika kwenye nyuzi 54 au 55. Kwa hewa ya nyuzi 37 nilitarajia karibu psi 400. Yaani hata usiku, hata katika saa ambayo kila mtu ndani ya nyumba aliamini kwamba kiyoyozi kimepona, mashine ilikuwa inahema.

Presha ya kusukuma inapopanda namna hiyo, sababu za kutazama si nyingi: koili ya nje imeziba vumbi, feni ya nje imechoka, gesi imezidi, hewa au uchafu umeingia ndani ya mabomba, au mashine inapewa hewa ya moto kuliko inavyodhaniwa. Koili ilikuwa safi, kwa kuwa fundi wa tatu aliiosha kwa maji, na kwa hilo alifanya vyema. Feni ilizunguka kwa kasi yake. Kapasita ya kompresa, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme ili kuisaidia injini kuanza na kuzunguka, baada ya kuzima umeme na kuimwaga chaji, ilipima mikrofaradi 43.5 wakati juu yake imeandikwa 50. Huo ni upungufu wa asilimia 13, na kapasita za namna hii kwa kawaida huruhusiwa kupotoka asilimia tano au sita tu. Kapasita iliyochoka huifanya kompresa ivute umeme mwingi na kuzidi kupata moto, kwa hiyo niliiandika kama kosa la kweli. Lakini sikuiona kuwa ndiyo chanzo, kwa sababu kapasita nayo huuawa na joto, na ilikuwa lazima nijue joto hilo linatoka wapi.

Hapo ndipo nilipoinua taa na kuutazama ukuta. Mbele ya mashine, umbali wa sentimita 40 kutoka kwenye wavu wa feni, ulisimama ukuta wa matofali wenye urefu wa kunipita kichwani, ungali mpya, haujapakwa rangi. Juu, kuanzia ukuta huo mpaka chumba cha ngazi, palikuwa na bati. Nilichukua kipande chembamba cha karatasi ya tishu nikakishika pembeni mwa mashine, mahali ambapo hewa haikupaswa kuwa na mwendo wowote wa maana. Kikapeperuka kuelekea nyuma. Nikakisogeza juu ya mashine, nacho kikalala kuelekea nyuma vilevile. Hewa ya moto iliyotoka mbele iligonga ukuta, ikakosa pa kwenda kwa sababu ya bati, ikazunguka ubavuni na juu, kisha ikavutwa tena na koili kutokea nyuma. Mashine ilikuwa inapumua pumzi yake yenyewe.

Niliposhuka nilimwuliza mwenye nyumba ukuta ule ulijengwa lini.

“Januari,” akasema. “Majirani wamepandisha ghorofa, na mama hupenda kukaa juu jioni za baridi, nikaona tupate sitara. Bati nikaliweka ili hizo mashine nazo zipate kivuli. Lakini fundi, ukuta na kiyoyozi wapi na wapi?”

Nilimwambia, “Ami, nipe siku moja tu nikuonyeshe, maana sitaki uniamini kwa maneno.” Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Ukuta ulijengwa wakati viyoyozi vimezimwa, ubovu ukaonekana miezi minne baadaye, na kati ya mambo hayo mawili hapakuwa na kitu cha kumfanya mtu ayaunganishe.

Saa ambayo hakuna fundi juu ya paa

Huku Omani, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, kazi za nje kwenye maeneo ya ujenzi na sehemu za wazi zinakatazwa kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Ni katazo jema, limewalinda wafanyakazi wengi, na hata lisingekuwepo hakuna mwenye akili timamu ambaye angependa kupiga magoti kwenye zege saa nane mchana wa Juni. Lakini katika kisa hiki lilikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyeyafikiria: mafundi wote watatu walikuja asubuhi au jioni. Walikuta mashine inafanya kazi, wakafunga geji, wakasoma namba za saa ile, wakaondoka. Hakuna aliyewahi kuiona ikiwa imesimama. Ugonjwa ulikuwa na saa zake, na saa hizo ndizo ambazo daktari haruhusiwi kuja.

Sikuwa na sababu ya kuvunja katazo hilo. Nilikuwa na vipimajoto vidogo vitatu vyenye kumbukumbu, vinavyoandika kipimo kila baada ya dakika tano. Kimoja nilikifunga nyuma ya mashine, mahali hewa inapoingilia koili, nikakikinga kwa kikombe cheupe cha plastiki kilichotobolewa matundu ili kisidanganywe na moto wa ukuta. Cha pili nilikitundika upande wa kaskazini wa chumba cha ngazi, kwenye kivuli cha kweli na upepo wa wazi. Cha tatu nilikibandika kwenye mdomo wa mashine ya ndani, chumbani kwa bibi. Nikaomba kiyoyozi kiachwe kimewashwa chumba kikiwa kitupu, na nikaenda zangu.

Kesho yake jioni tulikaa ukumbini, mimi na mwenye nyumba na bibi, tukasoma. Kwenye kivuli cha wazi, joto la juu kabisa la siku ile lilikuwa nyuzi 44.2, saa nane na dakika kumi mchana. Nyuma ya mashine, saa nne asubuhi tu, lilikuwa limekwishafika 46. Saa saba kasorobo lilipita 52, na kilele chake kilikuwa 55.6. Dakika chache baada ya kilele hicho, hewa inayotoka kwenye mdomo wa mashine ya ndani, iliyokuwa nyuzi 14, ilianza kupanda, na baada ya dakika kumi ilikuwa 31. Kompresa ilikuwa imesimama. Feni ya nje ikaendelea kuzunguka, hewa ya nyuma ikashuka mpaka 47, na mara mbili mchana ule kompresa ikajaribu kuamka na ikazimika tena baada ya muda mfupi. Ilirudi moja kwa moja saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Bibi aliposikia saa ile ya kwanza alimgeukia mwanawe akasema, “Si nilikwambia? Nikishasali.”

Katika bamba la mashine mliandikwa T3. Hilo ni daraja la mashine zilizotengenezwa kwa nchi za joto kama hizi za Ghuba, ambazo nguvu yake hupimwa kwenye hewa ya nje ya nyuzi 46 na hujaribiwa mpaka 52, tofauti na zile za T1 zinazopimwa kwenye 35. Kwa hiyo familia ilinunua mashine inayofaa, na kwa miaka sita ilithibitisha kwamba inafaa. Jiji lilikuwa na nyuzi 44, ambazo mashine ile ingezihimili bila taabu. Ukuta na bati ndivyo viliipeleka mahali penye nyuzi 55, ambapo hakuna aliyeiunda kwa ajili yake.

Sababu ya nyuzi hizo chache kuwa na uzito mkubwa ni tabia ya gesi yenyewe. Ili mashine ya nje itoe moto, ni lazima gesi iliyomo ndani ya koili iwe na moto kuliko hewa inayopita, kwa kawaida nyuzi kumi au zaidi. Hewa ikiwa 55, gesi inalazimika kufika 66 au 67. R410A ina ukomo kwenye nyuzi 71.4, ambapo haiwezi tena kugeuka kimiminika hata uisukume kwa nguvu gani, na kadiri inavyoukaribia ukomo huo ndivyo inavyobeba moto kidogo zaidi katika kila mzunguko huku presha ikipaa. Gesi ya zamani ya R22 ilikuwa na ukomo wa nyuzi 96, na hiyo ni sababu mojawapo ya mafundi wakongwe wa huku kuikumbuka kwa mema. Sisemi turudi huko, kwa sababu R22 inaharibu tabaka la ozoni na zama zake zimepita. Nasema kwamba aliyezoea kuiweka R22 kwenye kona yoyote na ikafanya kazi, anapaswa kujua kwamba R410A haina msamaha huo.

Gesi iliyoongezwa mara tatu

Hapa panahitaji maelezo ya kutosha, maana ndipo fedha ya familia ilipopotelea. Kwa nini fundi wa kwanza aliona gesi imepungua? Jibu nililipata nilipofungua mashine ya ndani. Vichujio vilikuwa safi, kwa kuwa mjukuu huvifua kila mwezi. Lakini lile gurudumu refu la feni lililoko nyuma yake, ambalo halionekani mpaka ulimulike kwa taa, lilikuwa limejaa vumbi laini la jangwa lililoshikana na unyevu likawa kama udongo wa mfinyanzi, kiasi kwamba mikunjo ya mapezi yake ilikuwa imejaa nusu. Gurudumu la namna hiyo linazunguka lakini halisukumi hewa. Hewa inayopita kwenye koili ya ndani ikipungua, gesi haipati moto wa kuichemsha, na presha ya kunyonya inashuka. Fundi akafunga geji moja, akaona presha ya chini, akaongeza gesi mpaka sindano ilipofika psi 130, ambayo ndiyo alama tuliyofundishana kwa mdomo kuwa ni “sawa”. Wa pili na wa tatu wakafanya vivyo hivyo.

Sidhani kama walikusudia kudhulumu. Juni simu ya fundi hailali, watu wanalia joto, na kuongeza gesi ni kazi ya dakika ishirini inayomfanya mteja aone kwamba kuna kitu kimefanyika. Lakini gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikiwa imepungua basi kuna mahali inavuja, na mahali hapo panapaswa kutafutwa kabla ya mtungi kufunguliwa. Katika ziara zote tatu hakuna aliyepaka hata povu la sabuni kwenye nati.

Niliinyonya gesi yote kwa mashine ya kurudishia, nikaiweka kwenye mtungi wake na kuipima kwa mzani. Sikuiachia hewani, kwa sababu kilo moja ya R410A huipasha dunia joto mara 2,088 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Mzani ulisoma kilo 2.58. Bamba linataka kilo 1.9 kwa bomba la mita 5, na gramu 30 kwa kila mita ya ziada. Bomba la chumba hiki lilikuwa mita 9, kwa hiyo ilitakiwa kilo 2.02. Zaidi ya nusu kilo ilikuwa imezidi. Gesi hiyo haikuleta ubaridi wowote. Ilikuwa inalala kama kimiminika kwenye mirija ya chini ya koili ya nje, ikizuia sehemu ya koili isifanye kazi yake, na hivyo kuongeza presha juu ya presha ambayo ukuta ulikuwa umeshaipandisha. Kila fundi aliyekuja kuiponya mashine aliisogeza karibu zaidi na saa yake ya kuzimika. Mwenye nyumba alithibitisha jambo hilo bila kukusudia, aliponiambia kwamba mwezi wa Mei ilikuwa inazimika karibu na alasiri, na baada ya ziara ya tatu ikaanza kuzimika adhuhuri.

Ukarabati

Kuhusu ukuta palikuwa na mazungumzo marefu. Njia ya haraka ilikuwa kuubomoa, nami sikuipendekeza. Ulijengwa kwa ajili ya sitara ya mama yao, na fundi wa viyoyozi hana mamlaka ya kumwondolea mtu sitara yake. Kuweka matofali ya matundu kungepunguza tatizo bila kulimaliza, kwa sababu vitabu vya ufungaji vya mashine za aina hii kwa kawaida hutaka mita mbili zilizo wazi mbele ya feni. Tukakubaliana kuihamisha mashine yenyewe upande wa kaskazini wa chumba cha ngazi, palepale nilipotundika kipimajoto cha kivuli, feni ikitazama uwazi wa paa. Mwenye nyumba aliuliza kama tulihamishe na bati nalo. Nilimweleza kwamba kivuli cha chumba cha ngazi kinatosha, na kwamba koili inahitaji hewa nyingi kuliko inavyohitaji kivuli. Bati lililo karibu na mashine linazuia jua kidogo na kufungia moto mwingi.

Kazi ilifanyika kwa asubuhi mbili, nikianza baada ya sala ya alfajiri na kushuka kabla ya saa tano. Bomba liliongezwa mita 3, likawa mita 12. Maungio nilichomelea huku nitrojeni ikipita taratibu ndani ya bomba, kwa sababu shaba ikipashwa moto pamoja na hewa ya kawaida hutoa masizi meusi ndani, na masizi hayo yakifika kwenye kapilari, kijibomba chembamba sana cha kupitishia gesi, huziba njia. Asubuhi hiyohiyo nilijaza nitrojeni mpaka psi 400, hewa ikiwa nyuzi 38, nikafunga na kuiacha mpaka alfajiri ya pili. Ilisoma 393 kwenye nyuzi 33. Fundi mchanga aliyekuwa nami alishtuka akidhani kuna uvujaji, tukakaa tukafanya hesabu pamoja: joto likishuka nyuzi tano, presha ya kiasi kilekile cha nitrojeni hushuka psi sita au saba. Hapakuwa na uvujaji. Wala haukuwahi kuwepo, maana nati zote za zamani, tulizozirudisha kama zilivyokuwa, zilishika pia.

Mashine ya ndani tulivua gurudumu lake tukaliosha chini, uani, na maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa kwa muda mrefu. Kapasita ilibadilishwa kwa mpya ya mikrofaradi 50. Kisha tulivuta vakyumu, yaani tulinyonya hewa na unyevu vyote kutoka mabombani, mpaka chini ya mikroni 500, tukaifunga na kuhakikisha haipandi, na gesi mpya ikatiwa kwa mzani ikiwa kimiminika, mtungi ukiwa umegeuzwa, kwa kuwa R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili na ni lazima itoke ikiwa katika uwiano wake. Hesabu ya mita 12 ilitoa kilo 2.11, nasi tukatia kilo 2.11, si kwa kutazama sindano.

Usiku ule, kwenye hewa ya nyuzi 37 kama ile ya mara ya kwanza, presha ya kusukuma ilikuwa psi 395, ya kunyonya 130, bomba nene nyuzi 13, na umeme ampea 10.3. Ukitazama ile presha ya kunyonya pekee, utaona haitofautiani kitu na ile ya mashine iliyokuwa mgonjwa, 128 kwa 130. Fundi mwenye geji moja asingeona tofauti yoyote kati ya siku hizo mbili.

Vipimajoto nilivirudisha mahali pake kwa siku tatu zaidi. Siku iliyokuwa na joto kuliko zote, kivuli kilifika nyuzi 45.1 na hewa inayoingia kwenye koili ilifika 46.8. Mdomo wa mashine ya ndani haukupita nyuzi 16 kutwa nzima. Bibi alirudi chumbani kwake siku ya pili, na mwanawe aliponipigia simu alisema kwamba mama ameanza tena kulala baada ya adhuhuri, jambo ambalo hakulifanya tangu Mei.

Zimebaki mashine mbili nyingine zilezile mbele ya ukuta, za vyumba vya watoto, ambazo ni ndogo na hutumika usiku zaidi. Bati limekwishaondolewa juu yake, na tumekubaliana zihamishwe kabla ya Mei ijayo. Ndani ya kifuniko cha mashine ya bibi nimeandika kwa kalamu isiyofutika, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa taa: gesi kilo 2.11, bomba mita 12, haivuji ilipopimwa, pamoja na tarehe.